Majivu ya Mchora Ramani

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu saa ilikuwa inaonekana kwenye kona ya kioo cha kompyuta, na mimi nilikuwa nimekodolea macho kioo hicho hicho. Nilikuwa steshenari kwa Mama Mdogo, hapa Somanda, naskani michoro yangu kumi ya kuombea chuo. Mchoro wa tatu ulipotokea nikaukuza, nione kama wino umetoka vizuri. Chini ya wino kulikuwa na mstari mwingine. Wa kijivu, mwembamba, umetulia kama mtu aliyelala.

Penseli. Na haikuwa penseli yangu.

Nikakuza wa nne. Nikakuza wa tano. Nikarudi wa kwanza. Yote kumi ilikuwa hivyo hivyo, wino wangu juu, penseli ya Mchora Ramani chini. Sitajifanya humu kwamba sikujua. Nilijua, ila nilikuwa sijaona. Skana ina taa kali, haimwonei mtu haya.

Naomba kusomea usanifu majengo. Chuo kinataka matokeo ya kidato cha sita, na pia kinataka potifolio, yaani jalada la michoro ya mwombaji, kazi kumi, na mwisho wa fomu kuna kisanduku cha kuweka tiki kwamba zote ni kazi za mkono wako mwenyewe. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Tiki nilikuwa nimeshaiweka tangu Alhamisi, haraka haraka, kama mtu anayejibu salamu.

"Mbona umeganda?" Mama Mdogo aliniuliza. "Mashine imekufa?"

"Hapana, Mama Mdogo."

"Basi inuka, kuna mwalimu hapa anataka kopi."

Nikainuka. Sijui kuongea, kila mtu nyumbani anajua. Humu kwenye daftari ndimo naongea. Kwa hiyo jioni ile nilianza kuandika habari za Mchora Ramani, ili nijue ni kipi chake na ni kipi changu.

*

Meza yake ilikuwa kati ya mashine ya fotokopi na ukuta, mahali ambapo mtu mwingine angeweka ndoo. Alikaa hapo miaka mingi kabla mimi sijaanza kuja kumsaidia Mama Mdogo wakati wa likizo. Watu wa Somanda walimwita Mzee Majivu, na wengine hawakumwita kitu, walikuja tu na kuuliza, "Yule wa ramani yupo?" Sasa hayupo, na bado wanakuja. Wiki hii wamekuja watatu. Mama Mdogo anawaambia amerudi kwao Dutwa, anaumwa, na wao wanaitazama ile meza kana kwamba atatokea chini yake.

Meza imebaki na alama ya kiwiko chake cha kushoto. Mbao imelika kidogo, inang'aa. Nimeweka rimu za karatasi juu yake ili nisiione, na kila ninapochukua rimu naiona.

Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kwa kazi, koti la kaki hata jua likiwa la kuunguza pamba. Penseli zake alizichonga kwa wembe, akakusanya vumbi lake kwenye kiberiti kitupu. Hakuwahi kuniambia la nini. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda tangu ujana, kilivunjika kikaunga vibaya, na kwa sababu hiyo kila mstari wake ulipofika mwisho uliinama kidogo, kama ndoano ndogo sana. Anavuta mstari mrefu, umenyooka kabisa, halafu pale mwisho, tik, ndoano. Kidole changu ni kizima. Mistari yangu nayo ina ndoano. Nimejaribu kuivuta bila ndoano na haivutiki.

*

Jambo lililompa jina ni majivu. Mteja akija na kiwanja, Mchora Ramani alichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi, mchoro mwepesi tu, halafu akasema, "Twende tukaikanyage." Alikuwa na debe la majivu, aliyachukua kwa akina mama wauza vitumbua. Anafika kwenye kiwanja, anapigilia vigingi, anafunga kamba, anamwaga majivu kwenye mstari mpaka nyumba nzima iwe imelala chini, kila chumba kwa ukubwa wake wa kweli, mlango umeachwa wazi. Kisha anawaambia wenye nyumba waingie. Sheria ilikuwa moja, hakuna kuruka ukuta. Unapita mlangoni.

Na wakati wanaingia yeye anasimama pembeni anauliza swali lake, lile lile kila siku.

"Nani anaingia, na ana nini mkononi?"

Nilimsindikiza mara nyingi kushika kamba. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu mkubwa, msemaji, alitaka nguzo nne mbele na sebule ya kuchezea mpira. Mchora Ramani akamwambia mke wake abebe beseni la maji kutoka jikoni hadi uani. Mama wa watu akabeba. Alipofika kwenye mlango wa majivu akasimama, kiwiko kimoja ndani, kiwiko kingine kinagusa ukuta.

"Baba Zuhura," akasema, "humu mimi na beseni hatupiti. Chagua mmoja."

"Punguza viwiko!"

"Nipunguze viwiko? Punguza nguzo wewe!"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini, akakalia ukuta wa chumba cha wageni, na Mchora Ramani akamwinua kwa ukali kabisa. "Toka ukutani!" Hakuwa anatania. Kwake ukuta ulikuwa umeshasimama.

Mwingine alikuwa mzee wa upande wa Maswa, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Yeye alilala chini kabisa kwenye majivu, kwenye chumba chake, kwa kofia yake. Akageuka ubavu huu, akageuka ubavu ule. Kisha akasema, "Dirisha hapa. Nikigeuka tu, niyaone mang'ombe." Mchora Ramani akasogeza dirisha. Wakati tunarudi aliniambia yule ndiye mteja bora aliyewahi kumpata, kwa sababu hakuona aibu kulala chini.

Mimi naona aibu kwa kila kitu. Nadhani ndiyo maana alinivumilia. "Wewe huongei," aliniambia siku za mwanzo, "basi tazama." Ni yeye pekee aliyenifanya nione kutoongea ni kama kazi.

*

Mara ya kwanza nilimwonyesha mchoro nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimechora nyumba yetu kwa kalamu za rangi, na maua mbele ambayo hatuna. Aliushika kwa mikono miwili kama cheti. Akautazama muda mrefu hadi nikatamani anirudishie nikimbie.

"Mlango huu unafungukia wapi?"

"Eti?"

"Ukisukuma. Unakwenda upande gani?"

Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile tangu nazaliwa na sikujua. Nilirudi nyumbani nikaufungua mlango mara tano. Usiku ule nikachoma michoro yangu yote jikoni, rundo zima, kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa na mlango unaofunguka. Sikumwambia. Sasa ndiyo najuta, maana hiyo ndiyo ilikuwa mibaya na yangu.

Baada ya hapo alianza kunipa ramani zake nizipige wino. Yeye alichora kwa penseli, mimi nikapita juu. Ile nakala yenye vipimo alimpa mteja, na nyingine, zile za kuonyesha nyumba inavyosimama, akanipa mimi, "Chukua za mazoezi." Mimi nikaongeza vivuli, miti, watu. Mwanamke na ndoo, mtoto na baiskeli. Kuku. Nina mkono mzuri wa kuku. Hizo ndizo nilizotunza kwenye jalada, na mwaka huu nilipochagua kumi bora nilichagua hizo bila hata kufikiri, kwa sababu ndizo nzuri.

Kwa hiyo nikisema ukweli wote, kuku ni wangu, nyumba ni yake.

*

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alichora nyumba za nusu ya mji huu, na yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari. Mama Mdogo alimtania. "Daktari wa meno asiye na meno." Alijibu, "Mimi nakwenda kulala tu." Alidai kila kitu kipimwe, na hakuvaa saa. Alikuwa mpole, na siku moja alichana karatasi yangu vipande viwili mbele ya wateja kwa sababu nilipiga wino chumba ambacho hakijakanyagwa. Kisha akaenda kuninunulia soda. Hakusema samahani. Aliifungua, akaiweka mbele yangu, akarudi kwenye mstari wake.

Na hakuandika jina. Hiyo iliniumiza mimi kuliko yeye. Kwenye kila ramani kuna kisanduku chini kulia, "Imechorwa na," na yeye alikichora vizuri kisanduku hicho, pembe nne, ndoano nne, akakiacha kitupu.

"Baba, hapa hujaandika."

"Nimeona."

"Sasa watajuaje?"

"Watatazama ukuta."

Halafu kulikuwa na mvua. Mvua kubwa za masika zikianza alipoteza utulivu. Anakunja karatasi, anavaa mfuko wa plastiki juu ya kofia, anachukua baiskeli na kuanza kuzunguka mjini. Asubuhi anagonga kwenye nyumba za watu. "Mwangaluka. Mmeamkaje? Ukuta wa nyuma?" Watu wanatoka na khanga za kulalia, wanamwambia uzima upo, mzee, na ukuta upo, na yeye anataka auone mwenyewe, anaugusa kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Wengine walimwona amerukwa. Watoto walimwimbia, "Mzee Majivu, ukuta hujambo?" Aliwajibu kwa heshima kabisa kwamba haujambo.

Nilimuuliza Mama Mdogo. Alikuwa anabana karatasi kwa stepla, akaacha kubana.

"Wewe hukuwa umezaliwa," akasema. "Alikuwa kijana, anajisikia. Mtu kamletea kiwanja cha kule bondeni, kwa mdomo tu, kwamba ni tambarare. Akachora hapo hapo mezani, siku moja. Hakwenda kuona. Kumbe maji ya mlimani yanapita pale pale. Nyumba ikasimama misimu miwili. Mvua ya tatu, asubuhi, ukuta wa jikoni ukamwangukia mama mwenye nyumba. Alikuwa anakoroga uji."

"Akafa?"

"Sasa unadhani nakusimulia nini? Na lile karatasi lilikuwa na jina lake kubwa. Ndugu wakalileta hapa, wakamwekea mezani. Hawakumpiga. Hawakusema neno. Waliliweka tu, wakaondoka." Akabana karatasi. "Bora wangempiga."

Tangu nisikie hayo sikuweza tena kuangalia kile kisanduku kitupu kama kitupu. Na tangu yeye aondoke, nikitoka dukani kwenda nyumbani napita katikati yake. Ile nyumba ya bati jekundu ni yeye. Ile yenye dirisha lililosogezwa ni yeye. Nikivuka mlango wowote, hata wa kanisa, naisikia sauti yake nyuma ya sikio, nani anaingia, na ana nini mkononi. Najibu kimya kimya. Mimi. Daftari. Mimi. Nyanya. Mama anadhani nasali.

*

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia Mama nakwenda Dutwa kumwona mgonjwa. Nilikuwa na jalada kwapani. Wakati napanda basi nilijidanganya kwamba naenda kumjulia hali. Kwa kweli nilikuwa naenda kuomba. Nilitaka aniambie chukua, ni zako. Neno moja tu, na Ijumaa ningetuma, na miaka mitano baadaye ningekuwa msanifu. Nilikuwa nimeliandaa na swali, nimelirudia tangu Somanda.

Anaishi kwa binti yake, nyuma ya mashamba ya pamba, nyumba ya tofali za kuchoma. Binti yake ni mama mtu mzima, ana mikono mikubwa kama ya baba yake. Alinipokea vizuri, akanipa maji.

"Kiharusi kilimchukua upande," akaniambia. "Na kichwa kinakwenda na kurudi. Leo sijui kama yupo. Ingia tu, mdogo wangu. Usishtuke."

Nilisukuma mlango, nikaingia. Nilikuwa nimeshafika kando ya kitanda ndipo aliponiona. Alishtuka, mwili mzima, upande ule unaoweza kushtuka. Alikuwa amekwisha kabisa, koti la kaki limetundikwa kwenye msumari na ndani hamna mtu wa kulijaza.

"Mwadila, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila." Akanitazama. Macho yake yakashuka hadi kwenye jalada. "Mhola?"

"Mhola, baba."

"Umekuja na ile karatasi."

Nilidhani ananikumbuka. Nilidhani anakumbuka mazoezi, wino, kuku. Nikafungua jalada, nikatandaza michoro juu ya blanketi, mmoja, mwingine, hadi yote kumi ikamfunika miguu. Kwa mkono wake mzima akauvuta mmoja karibu na uso. Akautazama chini kulia.

"Hizi si zangu," akasema.

Basi, lile neno nililolifuata Dutwa nilikuwa nimelipata hata kabla ya kuuliza. Nilisikia raha, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Raha ya sekunde mbili.

"Sijaandika jina," akaendelea, na sauti ikapanda, ikawa nyembamba. "Tazama. Tazama wewe mwenyewe. Hapa hakuna jina. Kawaambie. Kawaambie si mimi, sikuandika hapa jina." Akawa anazisukuma zile karatasi zimtoke miguuni, haziendi, mkono mmoja hautoshi. "Mama alikuwa jikoni? Eh? Alikuwa jikoni?"

Ndipo nilipoelewa mimi ni nani mle ndani. Nilikuwa mmoja wa wale ndugu.

Binti yake alikuja mlangoni, akasimama. Mimi mdomo wangu, ambao haufunguki darasani hata mwalimu akiniita kwa jina, ulifunguka wenyewe.

"Si zako, baba," nikasema. "Ni zangu. Nimechora mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, baba. Wewe huna deni na mtu."

Akatulia. Polepole, kama maji yanavyotulia ndoo ikishawekwa chini. Akanitazama upya, na sijui, hadi naandika hapa sijui, kama ni wakati ule aliponijua au hakunijua kabisa. Aliuokota ule mchoro, wa nyumba ya bati jekundu. Akaufuata ukuta kwa kile kidole kilichopinda, hadi mwisho, hadi kwenye ndoano.

"Zako," akasema. "Haya. Umezikanyaga?"

Nilikuwa nimeshika kamba tu. Majivu alimwaga yeye, swali aliuliza yeye.

"Hapana, baba."

"Basi bado, ng'wanawane," akasema, akanirudishia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita siku za soda, mwanangu. "Bado."

Akafumba macho. Nikakusanya karatasi. Kabla ya kutoka nilifanya kitu ambacho sikukipanga, nilianza kuhesabu. Kutoka kitandani hadi mlangoni, miguu yangu tisa. Ukuta wa dirisha, miguu kumi na nne. Kitanda kimekaa hapa, mlango unafungukia pale. Binti yake aliniona natembea kisigino kwa kidole chumbani kwa mgonjwa, na badala ya kuniuliza nina nini akaziba mdomo kwa khanga.

"Unatembea kama yeye," akasema.

Kwenye basi la kurudi niliweka jalada chini ya kiti, nikalisahau pale kwa makusudi, halafu nikashindwa. Nikalichukua. Yale maneno, ni zangu zote, niliyasema ili mtu alale. Lakini yalikuwa yameshasemwa, na nilipokuwa nikiangalia nje nikafikiri, kama ni zangu, basi na ukuta ni wangu. Nani atakayekuwa jikoni?

*

Leo, Jumatatu, niliamka kabla ya Mama. Nilichukua majivu ya jikoni kwa kikopo kitupu cha mafuta ya Kimbo, nikaenda uani, nikafagia. Nikapima kwa miguu, tisa, kumi na nne. Nikafunga kamba kwenye mti wa kuanikia nguo. Nikamwaga chumba cha Mchora Ramani kwenye uwanja wetu, ukuta kwa ukuta, nikaacha mlango. Kisha nikafanya ambacho sikuwahi kufanya hata siku moja mbele ya watu. Nikalala chini, pale kitanda kilipo, kichwa pale kichwa chake kilipo.

Mama alitoka jikoni na sufuria ya uji. Akasimama. Nilisubiri aniulize kama nimechanganyikiwa.

"Mlango uko wapi?" akauliza.

"Hapo kushoto kwako."

Akazunguka, akapita mlangoni na sufuria yake, polepole, hakukanyaga jivu hata chembe. Na mimi nikiwa nimelala pale sikumwona. Nilisikia hatua, nikamwona tu akiwa ameshafika juu yangu, ananiinamia, ana kitu mkononi ambacho sikukijua. Nilishtuka. Nilijua kabisa ni Mama, na nilishtuka.

Kumbe ni hivyo. Mlango uko nyuma ya kichwa chake. Tena ubao wake kule Dutwa unafungukia upande wa kitanda. Unamficha anayeingia. Kila anayekuja kumsalimia, anamtokea tu ghafla kichwani.

"Mama, rudi tena," nikamwambia. Nikageuka, nikaweka kichwa upande wa dirisha, miguu pale kichwa kilipokuwa. "Sasa ingia."

"Uji utapoa, wewe mtoto."

"Ingia tu, Mama."

Akaingia. Nikamwona tangu yuko kizingitini. Niliiona sufuria, niliuona mvuke, niliuona uso wake kabla hajaniona mimi.

Nilimtumia binti wa Dutwa ujumbe, "Dada, mgeuzeni baba kitanda, kichwa kiwe dirishani, aone nani anaingia." Kisha nikakaa kwenye ngazi na karatasi nyeupe, nikachora chumba kile, na kitanda kimegeuzwa, na mlango nimeufungulia ukutani, na mwanamke anaingia na sufuria. Hakuna kuku. Ile michoro kumi niliitoa kwenye jalada, nikaiweka juu ya kabati, na jioni nitakwenda steshenari kuondoa ile tiki hadi nitakapokuwa na michoro kumi yangu mwenyewe. Ijumaa ni siku nne.

Mstari wa mwisho, wa ukuta wa dirisha, ulipofika kwenye pembe ukajipinda kidogo. Ndoano. Niliutazama, nikauacha.

Chini kulia nikachora kisanduku. Nikaandika jina langu ndani yake, lote, na juu ya karatasi nikaandika namba moja.